MFANYAKAZI NAYE AIJUE BAHARI YAKE

Kila Jumamosi na Jumapili, bahari ikiwa shwari, boti huondoka Kunduchi zikaelekea kisiwa cha Mbudya, na nyingine hutoka rasi ya Msasani kwenda Bongoyo. Safari yenyewe ni fupi. Ndani ya boti hizo wamo wageni waliotoka nchi za mbali, na wamo wenyeji wa Dar es Salaam, hasa vijana, wanaokwenda kuogelea, kula samaki wa kukaanga na kupunga upepo chini ya mivinje. Hatuoni ubaya wowote katika hayo. Mtu aliyefanya kazi juma zima ana haki ya kupumzika, wala hapana sheria inayosema kwamba mapumziko lazima yawe darasa.

Walakini lipo jambo linalotusikitisha. Aghalabu mgeni hupanda boti akiwa na darubini shingoni, na anajua anakwenda kutazama nini. Mwenyeji akirudi jioni, ukimwuliza ameona nini huko, atakujibu kwa neno moja: bahari. Membe waliopiga mbizi mbele ya macho yake hakuwaangalia. Sululu aliyekuwa akitembea juu ya miamba hakumtambua. Na kama aliwaona, hakupata mtu wa kumwambia kwamba ndege wale wana majina, wana safari zao, na wana maadui.

Maoni yetu ni haya. Safari ya boti ya mwisho wa juma, ya kwenda kutazama ndege wa baharini na viumbe wengine wa pwani, haifai kuachwa iwe starehe ya mgeni peke yake. Ni shule ya mwananchi. Vyama vya wafanyakazi, viwanda, maofisi na shule zetu vyapaswa kuifanya iwe desturi. Kitu kisichojulikana hakilindwi, na pwani yetu yahitaji walinzi wengi kuliko wale wachache wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Tuanze na yale yanayoonekana pasipo hata kulipa nauli ya boti. Maelfu ya wafanyakazi hupita kila siku katika Daraja la Selander, na tangu mwaka 2022 wengine hupita Daraja la Tanzanite lililojengwa juu ya maji. Maji yakiwa yamekupwa, mtu akitazama upande wa mikoko na matope, mahali mto Msimbazi unapoingia baharini, ataona ndege wengi wakichokoachokoa tope. Wapo yangeyange, weupe na weusi. Wapo vitwitwi wadogo wanaokimbia huku na huko kama watoto waliotolewa darasani. Yupo sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambao huutia ndani ya shimo la kaa akamtoa mwenye nyumba. Jina lake ni moja na la kile chombo cha mchimba barabara, na atakayeutazama mdomo wake hataona ajabu. Wafanyakazi wa mikono wana haki ya kumwita ndugu yao.

Sasa fikirini habari za yule kitwitwi mdogo. Uzito wake haufiki gramu 100. Baadhi ya vitwitwi tunaowaona hapa wamezaliwa Siberia, kaskazini kabisa mwa dunia, katika nchi ambayo kwa miezi mingi ya mwaka ardhi yake imefunikwa na theluji. Huanza kufika kwetu mwezi wa Agosti na Septemba, wakakaa hapa wakila, na ifikapo Aprili manyoya ya baadhi yao huwa yamegeuka mekundu kama tofali. Hiyo ndiyo nguo yao ya safari na ya ndoa. Kisha huondoka kurudi walikotoka, maelfu ya kilomita, kwa nguvu ya mafuta waliyoyahifadhi mwilini kutokana na vijidudu vya matope yetu. Tope lile ambalo sisi twaliona kuwa uchafu wa kutupia takataka, kwa ndege yule ni ghala la chakula. Likiharibika ghala, safari haifiki mwisho.

Mgeni mwingine atoka karibu zaidi, na habari zake zawahusu hasa watu wa pwani hii. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene wenye nguvu, ambaye chakula chake kikubwa ni kaa. Ndege huyu hazai kwetu. Huzaa katika visiwa na fukwe za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, wakati wa jua kali. Huchimba shimo refu ndani ya mchanga kama panya, akataga humo kwa kawaida yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kinda akiwa tayari huja naye pwani ya Afrika ya Mashariki, na hata hapa huendelea kumfuata mzazi akilia kuomba chakula. Mtakapowaona wawili pamoja kwenye fungu la mchanga, mkubwa akivunja kaa na mdogo akilalama kando yake, jueni kwamba mnatazama mtoto aliyevuka bahari pamoja na mzazi wake. Babu zetu walizijua jahazi zilizokuja toka Maskati, wakaimba habari za pepo zilizozileta. Ndege hawa walikuwa wakisafiri baina ya pwani hizi mbili kabla jahazi la kwanza halijaundwa.

Kwa kuwa ndege hawa hawana nchi moja, hapana nchi moja iwezayo kuwalinda. Ndiyo sababu mwaka 1995, katika mji wa The Hague, mataifa ya Afrika, Ulaya na Asia yalikubaliana juu ya mkataba wa kuwalinda ndege wa majini wanaohama, na Tanzania ni miongoni mwa wanachama wake. Kadhalika mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, pamoja na mikoko na mafungu yake ya mchanga, liliandikwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu kwa ulimwengu mzima chini ya Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971. Maana yake kwa lugha ya kawaida ni kwamba tumepewa amana. Watoto wa ndege wa Siberia na wa Oman tumewekewa sisi. Mwenye kupokea amana pasipo kujua sura yake ataitunzaje?

Twaikumbuka pia ahadi iliyotolewa mapema zaidi. Septemba 1961, kabla bendera yetu haijapandishwa, Mwalimu Nyerere alitoa tamko huko Arusha akieleza kwamba wanyama pori ni dhamana mikononi mwetu kwa ajili ya wajukuu wetu. Kwa miaka mingi tamko lile limesomwa kana kwamba lilihusu tembo na simba tu. Mtoto wa Mbagala au Temeke huonyeshwa picha ya twiga toka darasa la kwanza. Lakini ni nani aliyemwonyesha kasa, naye aishi mwendo mfupi tu toka baharini? Vilabu vya Malihai, vilivyoanzishwa mwaka 1980, vimefanya kazi njema ya kuwafundisha wanafunzi habari za wanyama. Twasema darasa hilo sasa lishuke mpaka ufukweni.

Sheria hatukuzikosa. Mwaka 1975 visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini, pamoja na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu. Mwaka 1994 Bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu, na mwaka 1995 ikazaliwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza katika nchi yetu, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Yote hayo ni mema. Lakini askari wa hifadhi hawezi kuwa katika kila mwamba kila saa, na sheria iliyolala kabatini haimzuii mtu mwenye kiberiti na chupa ya baruti.

Habari za baruti zajulikana. Uvuvi huo haramu ulianza kuonekana katika pwani yetu tangu miaka ya 1960, na katika miaka iliyofuata vishindo vyake vilisikika hadi ufukweni. Mshindo mmoja huua samaki mkubwa na mdogo, anayelika na asiyelika. Wengi huzama chini wakaoza bila kumfaa mtu. Matumbawe huvunjika yakawa kokoto, na kujengeka kwake upya huchukua miaka mingi mno. Operesheni za serikali zilizopamba moto baada ya mwaka 2015 zilipunguza sana balaa hilo. Lakini ushindi wa namna hii hauishi kwa operesheni moja. Hudumu pale tu ambapo watu wenyewe wanajua thamani ya kile kinacholipuliwa, wakakataa kununua samaki aliyeuawa kwa baruti na wakawa tayari kutoa taarifa.

Tazameni kisiwa cha Maziwe, mkabala na pwani ya Pangani. Hapo zamani kilikuwa na msitu wa mivinje, na kasa walipanda usiku kutaga mayai katika mchanga wake. Mawimbi yakakila. Kufikia miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji makuu hulifunika. Kasa bado hurudi, maana kasa haisahau pwani yake; lakini mayai yakiachwa hapo hufa kwa maji, hata ikawa lazima watu wayahamishe kwa mikono mpaka ufuko wa Ushongo. Kisiwa kikizama hakitoi tangazo gazetini. Anayejua kwamba kimepungua ni yule tu aliyekiona kikiwa kizima.

Tunajua watakaotupinga. Wa kwanza atasema: "Mfanyakazi ana kodi ya nyumba, ana karo na bei ya unga, ninyi mwamwambia akatazame ndege!" Twamheshimu mwenye hoja hii, kwa kuwa shida anazozitaja ni za kweli. Lakini na amwulize mvuvi. Mvuvi wa jodari hatafuti samaki kwa kubahatisha. Huinua macho akatafuta kundi la membe wanaozunguka na kupiga mbizi mahali pamoja, kwani hapo dagaa wamesukumwa juu na samaki wakubwa. Ndege ni karani wa mvuvi. Humwandikia angani mahali mali ilipo. Na mikoko wanayopumzikia ndege hao ndiyo malezi ya kamba na ya vifaranga vya samaki wengi wanaouzwa Feri. Mwenye kudhani kwamba habari za ndege ziko mbali na sufuria yake bado hajaifuata njia ya kitoweo chake mpaka mwanzo.

Wa pili atasema kwamba hifadhi zimemfungia mvuvi mdogo bahari ya babu zake ili mgeni apate mahali pa kuogelea. Hoja hii ni nzito zaidi, na haijibiwi kwa hotuba. Ni kweli kwamba palipotengwa hapavuliwi, na anayebeba mzigo wa kwanza ni mwenye ngalawa, si mwenye hoteli. Kwa hiyo twasema wazi: faida ya safari hizi na ianzie kwake. Nahodha na awe mtu wa kijiji kile. Mwenye kuwaeleza abiria habari za ndege na samaki awe mvuvi mzee ajuaye mikondo, naye alipwe kama mwalimu, maana ni mwalimu. Vikundi vya wanavijiji vinavyolinda rasilimali za uvuvi vipewe boti na mafuta ya kufanyia doria. Mvuvi akiona kwamba kasa aliye hai amlisha mwaka baada ya mwaka, hatahitaji askari wa kumkataza kumchinja.

Basi safari ifanywe namna gani? Kwanza, watu wachague majira. Katika kusi kali bahari huchafuka, nayo si wakati wa kupakia watoto kwenye boti ndogo. Kipindi cha maleleji, baina ya kusi na kaskazi, bahari hutulia. Atakaye kuona ndege wageni kwa wingi na aende baina ya Oktoba na Machi. Aangalie na mwezi pia: wakati wa bamvua maji hukupwa mbali sana, na ndege hutawanyika juu ya matope na miamba; yanapoanza kujaa huwasukuma taratibu kuelekea ufukweni, hata mtu aliyeketi kimya huwaona karibu. Toka Julai hadi Oktoba waweza kutokea nyangumi wenye nundu, wanaopanda toka bahari ya kusini ya barafu kuja kuzaa katika maji yetu ya joto. Pomboo huonekana mwaka mzima. Na Mafia, karibu na Kilindoni, papa potwe huja toka Oktoba hadi Machi. Ni samaki mkubwa kuliko wote ulimwenguni, naye hula viumbe vidogo vidogo vielea majini, hana habari na nyama ya mtu.

Pili, usalama. Hapo hatutaki mzaha. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, iliyokuwa imepakia watu kupita kiasi, ilizama katika mkondo baina ya Unguja na Pemba, na nchi nzima ikalia. Kila abiria na avae boya lake toka pwani hadi pwani. Nahodha akisema boti imejaa, imejaa. Na akisema leo upepo haufai, watu warudi nyumbani wakanywe chai. Kiongozi wa safari anayembembeleza nahodha aongeze watu watano tu hafai uongozi.

Tatu, adabu. Ndege waliotua wakati maji yamejaa wanapumzika; mwenye kuwakimbilia ili warukeruke apate picha, huwatumilisha bure mafuta waliyoyaweka kwa ajili ya safari. Visiwa wanamotaga havikanyagwi wakati wa viota. Huko Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo tambarare kisicho na mti, mbali kusini mwa Unguja, ndege wa bahari kuu hutaga juu ya ardhi tupu. Mzazi akifukuzwa kwa dakika chache tu, jua hulipika yai au shakwe hulinyakua. Pomboo wasifukuzwe kwa boti tano au sita zikishindana. Mayai ya kasa hayachukuliwi, wala ufuko wa kutagia haumulikwi kwa taa usiku. Na takataka zote zirudi na mwenyewe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa bado zaelea. Kasa humeza plastiki akidhani ni yavuyavu, akafa na njaa tumbo limejaa.

Juu ya hayo, lipo jambo la lugha. Vitabu vingi vya ndege wa pwani hii vimeandikwa kwa lugha za kigeni, na mwalimu anayetaka kuwafundisha watoto hulazimika kutumia majina wasiyoweza kuyatamka. Hali majina yapo: shakwe, membe, sululu, kitwitwi, mnandi, furukombe. Wavuvi wa Kunduchi, Pangani, Kilwa na Chole wanayo mengine ambayo hayajaandikwa popote. Kila safari na ibebe daftari moja, na mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri ayaandike majina hayo toka kinywani mwa wazee pamoja na maelezo ya ndege mwenyewe. Kazi hiyo haihitaji msaada wa nchi yoyote. Yahitaji kalamu na subira, nayo isipofanywa sasa majina hayo yatazikwa pamoja na wanaoyajua.

Pendekezo letu kwa viongozi wa wafanyakazi ni dogo na laweza kutimizwa. Kila tawi, katika bandari, katika viwanda, katika hospitali na katika maofisi, litenge walau Jumamosi moja kwa mwaka kwa safari ya baharini ya wanachama na watoto wao. Gharama zichangwe: sehemu chama, sehemu mwajiri, sehemu mwanachama mwenyewe kwa kukatwa kidogo kidogo miezi kadhaa kabla. Darubini mbili tatu zanunuliwa mara moja na hutumika miaka mingi. Boti ikodishwe kwa wavuvi wa mahali hapo. Na waliokwenda, wakirudi, wasimame katika mkutano wa tawi wawaeleze wenzao waliyoyaona, mema na mabaya. Wakiona mikoko imekatwa, waseme. Wakisikia mshindo wa baruti, waandike saa na mahali, wapeleke habari panapohusika.

Mchukuzi wa bandarini aliyetazama kwa macho yake ndege wa Oman akimlisha mtoto wake juu ya fungu la mchanga, hatakaa kimya siku mtu atakapotaka kulifukia fungu lile kwa kifusi. Binti wa mfuma nguo aliyeona kasa akitoa kichwa kuvuta pumzi, atamwuliza mjumbe wake maswali ambayo mjumbe hakuyatazamia. Hao ndio walinzi tunaowahitaji. Wako wengi, nao wanakaa karibu na bahari. Kilichobaki ni kuwapeleka wakaione.